Orodha ya Kuzuia katika Udhibiti wa Ufikiaji wa Mifumo ya Kompyuta: Mifano kutoka Gitega na Muyinga

Ikisiri

Orodha ya kuzuia ni miongoni mwa njia kongwe za kuamua nani aingie katika mfumo wa kompyuta na nani abaki nje. Makala haya yanafafanua namna njia hiyo inavyofanya kazi, yakitumia mambo matatu yanayokutwa Gitega na Muyinga nchini Burundi: waifai ya shule, simu za mkononi zinazovuka mpaka wa Kobero, na anwani za intaneti zinazotumiwa na wateja wengi kwa pamoja. Hoja kuu ni kwamba orodha ya kuzuia haimzuii mtu bali huzuia jina lake. Kwa hiyo ubora wake hutegemea gharama ya kulibadili jina hilo na idadi ya watu wanaolichangia. Makala pia yanagusia istilahi ya dhana hii kwa Kiswahili, na yanapendekeza namna ya kuandika kumbukumbu ya kila kizuizi.

1.0 Utangulizi

Katika soko la Muyinga, fundi mmoja wa simu alimwonyesha mwandishi wa makala haya simu iliyoletwa kutoka upande wa pili wa mpaka, Ngara. Mwenye simu alikuwa amesema kwamba imekufa. Ilikuwa ikiwaka vizuri, betri nzima, kioo hakina ufa, lakini kila laini ya Tanzania iliyowekwa ndani yake ilikosa mtandao. Fundi aliweka laini ya Burundi, na mtandao ukapanda mara moja. "Mwalimu," alisema, "simu hii haijafa. Imekatazwa nchi ile tu."

Mjini Gitega, ambao tangu mwaka 2019 ni mji mkuu wa kisiasa wa Burundi, mwandishi alikuta hali iliyo kinyume. Katika shule moja ya sekondari, mwalimu msimamizi wa chumba cha kompyuta alikuwa na daftari lililojaa namba za simu za wanafunzi waliokuwa wakimaliza kifurushi cha shule kwa kutazama video. Kila namba aliyoiandika aliiingiza katika ruta ili izuiwe. Baada ya siku chache wanafunzi walewale walikuwa wamerudi mtandaoni, na daftari lilizidi kunenepa.

Visa hivi viwili ni vya chombo kimoja. Huko Muyinga kifaa kizima kimefungiwa na mwenye nacho hajui kosa lake. Gitega mkosaji anajulikana kwa jina na sura, ila anapita. Lengo la makala haya ni kueleza kwa nini chombo kilekile kinatoa matokeo yanayopishana kiasi hicho. Jambo hili lina uzito kwa sababu wanaoandika orodha za namna hii katika miji yetu mara nyingi si wahandisi. Ni walimu, makarani wa ofisi na wenye vibanda vya intaneti, na kila mstari wanaouandika unamgusa mtu ambaye kwa kawaida haarifiwi.

2.0 Kuzuia, kuruhusu na hali ya kuanzia

Kudhibiti ufikiaji ni kujibu swali moja kila ombi linapofika: huyu apewe anachokiomba au anyimwe? Jibu linaweza kupangwa kwa njia mbili. Arusi ya mjini huwa na kadi mlangoni. Asiye na kadi hasogei, hata kama ni jirani mwema. Msiba hauna kadi. Kila ajaye hupokewa, na ni mmoja au wawili tu, wenye ugomvi unaojulikana na familia, ambao wazee huwaomba wakae mbali. Orodha ya kuruhusu ni desturi ya arusi, na orodha ya kuzuia ni desturi ya msiba.

Tofauti kati ya njia hizi haionekani kwa watu wanaojulikana. Huonekana kwa mgeni ambaye hakuna aliyewahi kumwona. Orodha ya kuruhusu humwacha nje na orodha ya kuzuia humwingiza ndani. Wataalamu huuita uamuzi huo hali ya kuanzia, na mjadala kuhusu hali ipi ni salama zaidi ni wa zamani. Jerome Saltzer na Michael Schroeder, katika makala yao mashuhuri ya mwaka 1975 kuhusu ulinzi wa taarifa katika mifumo ya kompyuta, walishauri kwamba uamuzi wa kumwingiza mtu utokane na ruhusa na si kutokuwepo kwa katazo. Wao wenyewe walilihusisha wazo hilo na E. Glaser, aliyelitoa mwaka 1965. Hoja yao inahusu namna makosa yanavyojitokeza. Karani akisahau kuliandika jina katika orodha ya kuruhusu, mwenye jina atakuja kulalamika asubuhi hiyohiyo na kosa litasahihishwa. Akisahau kuliandika jina katika orodha ya kuzuia, hakuna atakayelalamika. Aliyepaswa kuzuiwa ataingia kimya, na kosa linaweza kukaa miaka. Mwaka 2005 Marcus Ranum alilirudia jambo hili kwa ukali zaidi. Katika orodha yake ya mawazo sita ya kipumbavu kuliko yote katika usalama wa kompyuta, aliweka mbele kuruhusu kila kitu kwa hali ya kuanzia, kisha kujaribu kuhesabu mabaya yote duniani.

Ikiwa wataalamu wamelikosoa kwa miongo mingi, kwa nini orodha ya kuzuia bado iko kila mahali? Kwa sababu kuna milango ambayo mwenye nyumba hawezi kujua mapema nani atabisha. Anayepokea barua pepe hawezi kuwa na orodha kamili ya watu wote watakaowahi kumwandikia. Maktaba ya umma haiwezi kuandika majina ya wasomaji wa mwaka ujao. Mahali pa umma pakiendeshwa kwa kadi hupoteza uumma wake, na kwa mahali kama hapo orodha ya kuzuia, pamoja na kasoro zake zote, ndiyo njia iliyobaki.

Katika utekelezaji, mara nyingi orodha zote mbili hutumika pamoja, na hapo mpangilio wa kusoma ndio unaoamua. Mfano mzuri ni programu ya TCP Wrappers, aliyoiandika Wietse Venema mwaka 1990 katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Eindhoven, Uholanzi, baada ya mvamizi kuwasumbua. Programu hiyo husoma kwanza faili la walioruhusiwa. Ikipata jina, mlango unafunguka na usomaji unakoma. Isipolipata, husoma faili la waliozuiwa. Jina likikosekana katika yote mawili, mlango hufunguliwa. Ruta nyingi nazo husoma kanuni kutoka juu kwenda chini na kusimama kwenye kanuni ya kwanza inayolingana na ombi. Mtu aliyeweka juu kabisa kanuni inayoruhusu kila kitu anaweza kuandika chini yake makatazo mia, na hakuna hata moja litakalosomwa. Mwandishi amewahi kutumia alasiri nzima kutafuta kosa la namna hiyo, kosa lililokuwa lake mwenyewe.

3.0 Jina jepesi: waifai ya shule

Turudi Gitega. Namba alizokuwa akiandika mwalimu yule zilikuwa anwani za MAC. Kila kifaa cha waifai hujitambulisha kwa anwani ya biti 48, inayoandikwa kama jozi sita za tarakimu na herufi. Kwa desturi, nusu ya kwanza humtambulisha mtengenezaji na nusu ya pili hukitambulisha kifaa chenyewe. Kwa miaka mingi ilichukuliwa kwamba anwani hii imechongwa kiwandani na haibadiliki, na miongozo mingi ya ruta bado inaandikwa kwa dhana hiyo.

Dhana hiyo imekwisha nguvu. Kuanzia Android 10 ya mwaka 2019 na iOS 14 ya mwaka 2020, simu hutumia kwa kawaida anwani ya kubuni kwa kila mtandao zinaojiunga nao. Sababu yake ni njema: anwani isiyobadilika iliwawezesha wenye maduka na matangazo kumfuatilia mtu kutoka mtaa hadi mtaa bila yeye kujua. Lakini kinga hiyohiyo ya faragha inamaanisha kwamba mwanafunzi aliyezuiwa anaweza kuingia katika mipangilio ya simu, akabadili kati ya anwani ya kiwandani na ya kubuni, na akarudi mtandaoni kama mtu mpya. Hahitaji ujuzi wowote.

Mwalimu anaweza angalau kujua kama anashughulika na anwani ya kubuni. Atazame herufi ya pili ya anwani: ikiwa ni 2, 6, A au E, anwani hiyo haikutolewa na mtengenezaji, na kuiandika katika daftari ni kupoteza wino. Shule ile hatimaye iliacha daftari. Kila mwanafunzi alipewa vocha yake yenye nywila na kiwango cha data kwa wiki, kwa maana nyingine shule ilihama kutoka desturi ya msiba kwenda desturi ya arusi. Isidhaniwe kwamba matatizo yalikwisha. Vocha nazo huazimwa na kuuzwa uani. Lakini anayeazima vocha anatumia kiwango cha rafiki yake, na rafiki ndiye wa kwanza kulalamika.

4.0 Jina zito: namba ya IMEI na mpaka wa Kobero

Simu ya Muyinga ilikuwa imefungiwa kwa jina la aina nyingine. Kila simu ina namba tambulishi ya IMEI yenye tarakimu 15, ambayo mtu yeyote huiona akibonyeza *#06#. Tarakimu 8 za mwanzo hutaja aina ya simu na hutolewa chini ya usimamizi wa GSMA, jumuiya ya kimataifa ya kampuni za simu. 6 zinazofuata ni namba ya simu yenyewe katika aina hiyo. Na ya mwisho ni tarakimu ya ukaguzi inayopatikana kwa kukokotoa zile 14.

Tarakimu hiyo moja ya mwisho inastahili kuangaliwa kwa utulivu, kwa sababu kazi yake ni kuwalinda wasio na hatia. Ukokotoaji wake hugundua kila kosa la tarakimu moja iliyoandikwa visivyo, na karibu kila kosa la tarakimu mbili jirani zilizobadilishana nafasi. Karani wa polisi anayenakili namba ya simu iliyoibwa kutoka kwenye karatasi akikosea tarakimu moja, mfumo unaojua kukagua utaikataa namba hiyo kabla haijamfungia mtu asiyehusika. Orodha nyingi tunazozitengeneza wenyewe maofisini, za wadaiwa, za wanachama waliosimamishwa au za magari yasiyoruhusiwa kuingia, hazina kinga kama hiyo, na kosa la kalamu hugeuka adhabu.

Mtandao wa simu hukagua IMEI katika rajisi ya vifaa. Viwango vya teknolojia ya GSM viliipa rajisi hiyo orodha tatu na si mbili: ya vifaa vinavyoruhusiwa, ya vifaa vinavyokatazwa, na ya kati, ya vifaa vinavyoruhusiwa huku vikifuatiliwa. Hiyo ya kati ni busara ambayo wengi wetu huisahau. Si lazima kila shaka iishie katika hukumu.

Afrika Mashariki imelitumia jambo hili kwa kiwango kikubwa. Kenya ilizima simu bandia mwishoni mwa Septemba 2012, na zilizoathirika zilihesabiwa kwa zaidi ya milioni moja. Tanzania ilijenga rajisi yake ya pamoja kwa misingi ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Mfumo ulizinduliwa Desemba 2015, wananchi wakapewa miezi sita kuzikagua simu zao, na usiku wa tarehe 16 Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ikazizima simu bandia. Uamuzi wa kutanguliza muda wa ukaguzi ulikuwa wa maana. Aliyekuwa na simu bandia aliweza kujua kabla ya usiku ule kwamba jina la simu yake lilikuwa na mashaka. Hata hivyo, mzigo uliwaangukia walionunua kwa nia njema, wengi wao watu wa kipato kidogo waliovutwa na bei, huku waliowauzia simu hizo wakiwa na fedha zao mfukoni.

IMEI ni jina zito kwa maana kwamba kulibadili kunahitaji vifaa na ujuzi, tofauti na anwani ya MAC. Lakini lina udhaifu wake. Watengenezaji wa simu bandia waliwahi kutumia namba moja kwa simu nyingi, au namba iliyonakiliwa kutoka simu halisi. Namba ya namna hiyo ikifungiwa, mwenye simu halali huzimwa pamoja na wenye bandia, bila ya wao kujuana. Tena jina hili, kwa uzito wake wote, lina nguvu mahali tu ambapo linasomwa. Amri ya TCRA inazibana kampuni zenye leseni ya Tanzania. Kobero ikishavukwa, simu hujitambulisha kwa kampuni ya Burundi, na kampuni hiyo inasoma rajisi yake yenyewe. Kinachovuka mpaka ni simu tu. Hukumu yake inabaki Kabanga. Kuna hifadhi ya kimataifa ya GSMA ambamo kampuni na mamlaka zinaweza kubadilishana namba za simu zilizoibwa, lakini faida yake inapatikana kwa anayechangia na anayesoma.

Matokeo ya kiuchumi ni rahisi kuyatabiri. Orodha inayosomwa upande mmoja wa mpaka haipunguzi wizi. Hushusha bei ya simu upande huo na kuipandisha upande wa pili. Anayeibiwa Ngara hafaidiki, na anayenunua Muyinga kwa nia njema anabeba hatari ya siku ambayo rajisi mbili zitaunganishwa. Burundi imekuwa mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 1 Julai 2007, na kwa maoni ya mwandishi kuzioanisha rajisi hizi lingekuwa jambo la msaada zaidi kwa wakazi wa mipakani kuliko mengi yanayojadiliwa katika mikutano ya ngazi za juu. Fundi yule, kwa upande wake, alikuwa na rajisi yake. Alibandika kipande cha plasta nyuma ya simu na kuandika kwa kalamu: "TZ hapana."

5.0 Jina la ubia: anwani ya IP

Aina ya tatu ya jina ndiyo inayoumiza watu wengi zaidi bila wao kujua. Anwani za IP za toleo la nne ni za biti 32, yaani zote kwa pamoja hazizidi 4,294,967,296, idadi ndogo kuliko ya watu walioko duniani. Afrika ilijiunga na intaneti kwa wingi wakati sehemu kubwa ya anwani hizo ilikwisha kugawiwa kwingine. Kampuni za simu hutatua upungufu huo kwa kuwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje, na kuwatofautisha kwa namba za milango. Anwani moja ina milango 65,536. Kampuni ikimtengea kila mteja milango 1,000, wateja wapatao 64 wataonekana kwa dunia kama mtu mmoja.

Sasa fikiria seva iliyoko Ulaya inayofungia kila anwani inayokosea nywila mara tano. Mtu mmoja katika wale 64 anajaribu kuvamia, au simu yake imeingiliwa na programu hasidi bila yeye kujua. Seva inaifungia anwani. Mwanafunzi wa Muyinga aliye nyuma ya anwani ileile, anayejaza fomu ya maombi ya chuo saa chache kabla ya mwisho wa kupokea, anaona ukurasa mweupe wenye maneno kwamba hana ruhusa. Hajui amekosa nini, wala hawezi kujua, kwa kuwa si yeye aliyekosa. Akihamia laini ya kampuni nyingine anaingia, naye anabaki na imani kwamba mtandao wa kwanza ni mbovu.

Hatari hii ilitajwa mapema. Waraka wa RFC 6269, uliotolewa Juni 2011 na wahandisi wa viwango vya intaneti, ulionya kwamba kuchangia anwani kutawafanya wasiohusika waadhibiwe pamoja na wakosaji. Mwaka uliofuata, RFC 6598 ilitenga rasmi kundi la anwani kwa ajili ya mpangilio huohuo wa kuchangia. Onyo na desturi viliendelea bega kwa bega. Mwaka 2022 wachangiaji wa Wikipedia kutoka nchi mbalimbali za Afrika walilalamika kwamba walikuwa wakizuiwa kuhariri kwa sababu ya anwani walizopewa na kampuni zao, ilhali hawakuwa wameharibu ukurasa wowote. Kwa lugha kama yetu, yenye wachangiaji wachache, kila mhariri anayekata tamaa ni hasara inayohesabika.

Barua pepe ina historia yake katika suala hili. Mwaka 1997 Paul Vixie alianzisha orodha ya anwani zinazotuma barua taka, na mwaka 1998 likafuata shirika la Spamhaus. Utaratibu wa kuziuliza orodha hizo ni wa werevu: seva inayopokea barua kutoka, tuseme, 192.0.2.45 huigeuza anwani iwe 45.2.0.192, huiunganisha na jina la kikoa cha orodha, na kuuliza mfumo wa majina wa intaneti kama jina hilo lipo. Likiwepo, barua hukataliwa. Swali zima huchukua chini ya sekunde. Ila ofisi ndogo iliyorithi anwani iliyowahi kutumiwa na mtumaji wa taka hurithi pia sifa yake mbaya, na barua zake hazifiki mpaka mtu ajue kwamba kuna orodha, aijue ni ipi, na aombe kuondolewa.

6.0 Orodha iandikwapo na mamlaka

Hadi hapa mwenye mlango ndiye aliyeandika orodha ya mlango wake. Serikali inapoiamuru kampuni ya simu kuzuia tovuti, anayeandika na mwenye mlango ni watu wawili tofauti. Burundi ina uzoefu wa jambo hili: mwishoni mwa Aprili 2015 mitandao ya kijamii na ya ujumbe, WhatsApp ikiwemo, ilizuiwa katika simu za mkononi, Oktoba 2017 tovuti ya gazeti la Iwacu ikawa haifunguki nchini, na siku ya uchaguzi, 20 Mei 2020, mitandao ya kijamii ilizuiwa tena. Uganda ilifanya hivyo siku ya uchaguzi wa 18 Februari 2016 na tena Januari 2021.

Makala haya si ya siasa, lakini ufafanuzi wa kiufundi hauwezi kuikwepa sehemu moja. Mawasiliano mengi leo husafiri yakiwa yamefichwa kwa usimbaji. Kampuni ya simu inaona jina la tovuti anayokwenda mteja, haioni ukurasa anaousoma. Kwa hiyo hata mamlaka inayotaka kuzuia habari moja tu haina jina la habari hiyo la kuandika. Inaandika jina la gazeti zima. Inayotaka kuzuia uvumi wa kundi moja la WhatsApp inaizuia WhatsApp yote, pamoja na mfanyabiashara wa Muyinga anayeagiza mzigo na mzazi anayemuulizia mtoto aliyelazwa Gitega. Wenye ujuzi huvuka kwa VPN. Wanaobaki nje ni wale ambao hawakuwa na shughuli na siasa wala na VPN. Mtu anaweza kuunga mkono au kupinga sababu za hatua kama hizo. Upana wa kizuizi hautegemei sababu.

7.0 Kuhusu istilahi

Kongamano la Kiswahili halina budi kuuliza tunaliitaje jambo hili. Nchini Burundi wengi hutumia Kifaransa, liste noire, na katika magazeti ya Kiswahili imezoeleka orodha nyeusi. Tangu mwaka 2020 miradi mikubwa ya programu, ukiwemo ule wa kiini cha Linux, imeacha kutumia weusi na weupe kama ishara ya ubaya na wema katika istilahi mpya. Mwandishi anaunga mkono kuachwa kwake, na ana sababu nyingine zaidi ya heshima: orodha nyeusi haisemi inafanya nini. Mwanafunzi anayelisikia kwa mara ya kwanza lazima afafanuliwe. Orodha ya kuzuia na orodha ya kuruhusu hujifafanua zenyewe.

Hata hivyo, wananchi wana neno lao. Mchezaji hufungiwa mechi tatu, redio hufungiwa, simu hufungiwa, na mtu aliyekasirishwa humfungia mwenzake WhatsApp, kama si kumbloki. Kitenzi fungia kina faida ambayo zuia hakina: hubeba ndani yake wazo la muda. Aliyefungiwa mechi tatu atacheza ya nne. Huenda orodha ya waliofungiwa ndiyo istilahi bora kwa visa vyenye ukomo, na orodha ya kuzuia ibaki jina la dhana kwa ujumla.

8.0 Kumbukumbu ya kizuizi

Wazo hilo la muda linatupeleka kwenye kasoro ya mwisho. Orodha ya kuzuia haijui kupungua. Kabla ya mashine za kuuliza benki papo hapo, wenye maduka katika nchi za Magharibi walipewa vijitabu vilivyochapwa namba za kadi zilizoibwa, na muuzaji alitakiwa kupekua kijitabu huku mteja akisubiri. Vijitabu vilinenepa, vilichelewa, na hatimaye vikaachwa kwa sababu kumuuliza mwenye kadi halali ilikuwa rahisi kuliko kuhesabu kadi zote mbovu. Daftari la Gitega lilikuwa limeanza safari hiyohiyo.

Kwa shule na ofisi ambazo bado zinahitaji kuzuia, mwandishi amependekeza, na shule moja imekubali kujaribu, kwamba hakuna jina linaloingia katika ruta bila mstari kamili katika daftari. Mstari huo una jina linalozuiwa na aina yake (MAC, IP, vocha au jingine), ili anayesoma ajue kama ni jina jepesi, zito au la ubia, sababu kwa maneno ya kawaida, aliyeandika, tarehe ya kuingia na tarehe ya kuisha, na namna aliyezuiwa alivyoarifiwa. Tarehe ya kuisha haiachwi wazi. Kwa jina la ubia muda hauzidi saa chache, kwa kuwa baada ya hapo huenda linabebwa na mtu mwingine kabisa. Kila Ijumaa jioni msimamizi hupitia daftari na kufuta yaliyokwisha muda.

Safu ya kuarifiwa ndiyo iliyoleta ubishi katika kikao cha walimu. Baadhi walisema kumwarifu mkosaji ni kumfundisha ujanja wa kukwepa. Msimamizi wa chumba cha kompyuta alijibu kwamba ujanja wanaujua tayari, naye ana daftari zima la kuthibitisha hivyo. Wasioujua ni wale waliozuiwa kwa makosa. Safu ilibaki.